Umeme Ukikatika: Kulinda Maandishi Yaliyomo Kwenye Daftari la Kielektroniki la Nukta Nundu

Mwongozo huu ni wa asiyeona anayeandika masomo, kazi za ofisi au namba za simu kwenye daftari la kielektroniki, ile mashine ndogo yenye vitufe vya nukta nundu inayokusomea kwa sauti au kwa mstari wa nukta zinazopanda na kushuka. Unamfaa pia mwalimu wa shule ya bweni anayetunza mashine kadhaa kabatini, na fundi atakayeletewa moja iliyogoma kuwaka.

Umeme wa ukutani kukatika si msiba wenyewe, kwa sababu mashine hizi zote zina betri. Maandishi hupotea kwa njia tatu: betri kuisha hadi tone la mwisho, mashine kuzimika ghafla katikati ya kuhifadhi, na mashine kukaa likizo nzima bila kuchajiwa huku mwenyewe akiamini kwamba imezimwa. Uzito wa kila moja unategemea mahali maandishi yako yanapokaa, na hilo wengi hatulijui mpaka siku ya kuumia.

Hatua ya 1: Jua maandishi yanakaa wapi

Kumbukumbu za mashine hizi ni za aina mbili. RAM hushika maandishi kwa muda wote inaopata umeme, hata ukiwa kidogo sana; umeme ukikoma, yaliyomo yanafutika na hayarudi. Flashi, pamoja na memori kadi ambayo ni flashi vilevile, hushika maandishi bila umeme wowote.

Mashine za zamani zilitegemea RAM. Braille 'n Speak, iliyotolewa na Blazie Engineering ya Marekani mwaka 1987, haikukudai amri ya kuhifadhi. Ulibonyeza nukta, herufi ikaingia kwenye faili, basi. Walioitumia wanaisifu hadi leo kwa wepesi huo. Lakini RAM yake ililishwa na betri, na betri ikifa kabisa mafaili yalikufa nayo. PAC Mate ya kampuni ya Freedom Scientific ilijengwa juu ya Pocket PC, mfumo wa Microsoft wa kompyuta za mkononi, ambao nao uliweka mafaili ya mtumiaji kwenye RAM. Microsoft ilibadilisha tabia hiyo ilipotoa Windows Mobile 5.0, toleo jipya la mfumo huo, mwaka 2005, na PAC Mate Omni iliyofuata mwaka 2007 ikawa inaweka mafaili kwenye flashi. Kwa hiyo ukipewa PAC Mate ya mtumba, ulizia kama ni Omni au ile ya kwanza. Vidole havitakuambia tofauti.

Orbit Reader 20, ambayo shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa la Nairobi imekuwa ikiisambaza mashuleni, huweka kila kitu kwenye memori kadi ya SD. Hapo wasiwasi wa RAM haupo. Wasiwasi ni kadi. Mashine za Android kama BrailleNote Touch Plus ya HumanWare na BrailleSense 6 ya HIMS zina flashi ya ndani sawa na simu.

Kama hujui yako ni ipi, ipime. Lakini usipime kabla ya kumaliza hatua ya 2, yaani kutoa nakala ya kila kitu. Ukishafanya hivyo, andika faili fupi la majaribio, lihifadhi, zima mashine, toa betri kama ni ya kutolewa kwa mkono, iache usiku kucha, kisha irudishe na uwashe. Angalia vitu viwili: je, faili lipo? Je, saa na tarehe ni sahihi?

Faili likiwa limepotea, jibu umelipata. Faili likiwepo na saa imerudi mwaka wa zamani, maandishi yako yako kwenye flashi, ila kibetri cha ndani kinacholisha saa kimechoka au hakimo. Vyote viwili vikiwepo, usishangilie bado: baadhi ya mashine za RAM zina kibetri cha akiba, kidogo na bapa kama kitufe cha shati, kinachoshikilia kumbukumbu wakati betri kubwa haipo. Mashine ya namna hiyo itafaulu jaribio lako leo, kibetri kikiwa kizima, na itafeli baada ya miaka miwili. Ndiyo maana kwenye mashine ya zamani saa inayopoteza majira ni onyo la kuchukuliwa kwa uzito. Ukisikia tarehe imekosea bila wewe kuigusa, toa nakala siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Toa nakala ya kila kitu, leo

Kwa mashine yenye tundu la memori kadi au la flashi ya USB, kazi ni nyepesi: ingia kwenye sehemu ya mafaili, chagua folda zote, nakili. Nakili, usihamishe. Kuhamisha hufuta mahali pa kwanza, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki huna kote kuwili.

Kadi ikikataa kupokea maandishi, ipapase ubavuni kabla ya kuilaumu mashine. Kadi kubwa ya SD, au kile kivazi cha kuvalishia kadi ndogo ya simu, ina kiswichi chembamba cha kufunga. Ishike upande wa lebo ukikuelekea, meno, yaani vile vibapa vya chuma, yakiwa juu nyuma yake. Kiswichi kiko ubavu wa kushoto. Kikisukumwa juu kuelekea kwenye meno, kadi iko wazi. Kikishuka, imefungwa, na mashine itakuambia kadi ni ya kusoma tu. Kiswichi hiki hutelezeka chenyewe kadi inapoingizwa kwa nguvu, na nimeona watu wakitupa kadi nzima kwa ajili yake.

Orbit Reader 20 unaweza kuichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB na kuchagua hali ya kuwa diski. Kadi yake itajitokeza kama flashi ya kawaida. Ukimaliza, amuru kompyuta iiachie kwanza, ndipo uchomoe.

Mashine kongwe zisizo na USB hutoa mafaili kupitia tundu la siriali, lile la zamani la kuungia kompyuta. Utahitaji waya wake maalumu, kigeuzi cha siriali kwenda USB kinachouzwa kwenye maduka ya kompyuta, na programu ya bure ya kupokelea mafaili kwenye kompyuta kama Tera Term. Weka kasi ileile pande zote mbili, mara nyingi 9600, kisha tuma faili moja moja. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni ya mara moja. Ukiifanya na rafiki mwenye uzoefu wa kompyuta za zamani, mnaimaliza kwa alasiri moja.

Kitu ambacho watu hukisahau ni umbo la faili. Nakala ambayo haiwezi kufunguliwa na mashine nyingine ni nusu ya nakala. Mafaili ya KeyWord, programu ya kuandikia ya BrailleNote za zamani, huishia na KWB au KWT, na bila mashine ya ukoo huo yanasumbua kufunguka. Kwa yale yenye thamani, hifadhi toleo la pili kama BRF, ambalo ni nukta nundu zilizoandikwa kwa herufi za kawaida za kompyuta, au kama TXT. BRF husomeka kwenye mstari wa nukta wa karibu mashine yoyote. TXT husomeka kwa NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, na hata kwenye simu. Mwenye kuona akikufungulia BRF ataona herufi zilizovurugika na atakuambia faili limeharibika. Halijaharibika. Mwambie asilifute.

Weka nakala mahali pawili, na pawe mbali kidogo: kadi moja bwenini na nyingine nyumbani, au flashi moja na nyingine kwenye barua pepe yako. Wengi hujitumia mafaili kwa WhatsApp kama hati, nami sioni ubaya, mradi pia ubaki na nakala isiyohitaji bando.

Mwisho wa hatua hii, fungua faili moja la nakala kwenye kifaa kingine na usome mistari michache. Orodha ya majina ya mafaili haikuthibitishii kitu. Faili tupu, la baiti sifuri, nalo lina jina.

Hatua ya 3: Andika kwa namna inayopunguza hasara

Hata kwenye flashi, unachoandika sasa hivi bado kiko RAM. Kinakwenda kwenye flashi unapohifadhi, au mashine inapohifadhi yenyewe. Hifadhi mwisho wa kila aya mpaka vidole vizoee kufanya hivyo bila kuulizwa.

Somo moja, faili moja. Mwanafunzi anayeandika muhula mzima wa Historia kwenye faili moja refu anahatarisha muhula mzima kila anapohifadhi, kwa sababu mashine huandika upya jedwali linaloonyesha vipande vya faili viko wapi. Umeme ukikata wakati jedwali hilo linaandikwa, maneno yanaweza kuwa bado kwenye kadi lakini mashine isijue pa kuyatafuta. Faili likikaa fupi, na hasara inakuwa fupi.

Funga faili kabla ya kuzima, na usichomoe kadi mashine ikiwa inaandika. Betri ikitoa onyo la kwanza, hifadhi, funga, zima. Usisubiri onyo la pili. Betri iliyozeeka husema asilimia 15, na dakika moja baadaye kimya.

Ujue pia kwamba kitufe cha kuzima, kwenye mashine nyingi, hakizimi. Kinailaza. Ndiyo maana inaamka papo hapo ulipoishia. Ikiwa imelala inaendelea kunyonya betri kidogo kidogo ili RAM isifutike, na likizo ya wiki sita inatosha kuimaliza. Soma kitabu cha maelekezo ujue mashine yako inazimwaje kabisa, na kama ni ya RAM, jua kwamba kuzima kabisa hakukuokoi: hiyo inahitaji betri yenye chaji muda wote.

Hatua ya 4: Betri na chaja

Hapa ndipo mashine nyingi za msaada zinapofia, hasa zilizotoka Marekani. Umeme wa nyumbani huko ni volti 120. Kenya ni 240 na Tanzania 230. Chaja za zamani, zile nzito kama tofali dogo, mara nyingi zimetengenezwa kwa volti 120 peke yake. Ukiichomeka kwenye soketi ya hapa inaungua, na inaweza kuondoka na mashine. Kabla ya kuchomeka chaja yoyote usiyoijua, mtake mwenye macho asome mstari wa INPUT, au tumia programu ya simu inayosoma maandishi kama Lookout au Seeing AI. Ukisikia 100-240V, endelea. Ukisikia 120V tu, iweke pembeni na utafute chaja nyingine yenye volti zilezile upande wa OUTPUT, aina ileile ya mkondo (DC au AC), ampea zisizopungua, na kama ni DC, ncha yenye chanya na hasi zilezile. Ncha kuingia kwenye tundu si ushahidi wa kitu.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Chomoa chaja umeme unapokata, na usiirudishe mpaka umetulia kwa dakika chache. Shuleni, ambako soketi moja inalisha chaja kumi kupitia waya wa nyongeza, mwalimu wa zamu apewe kazi hiyo kwa jina.

Kwa mashine zinazochajiwa kwa USB, kama Orbit Reader 20, pawa benki ya simu inatosha na ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Angalizo moja: pawa benki nyingine hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo. Ijaribu usiku mmoja kabla ya kuitegemea. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ilikaa gizani kwa saa nyingi. Siku kama hiyo haikupi nafasi ya majaribio. Sola ndogo ya kuchajia simu nayo inafaa, ila chaji pawa benki kwa sola, kisha mashine kwa pawa benki, ili wingu likipita mashine isiwe inapata na kukosa.

Betri za lithiamu hazipendi kuwekwa tupu wala kuwekwa zimejaa juani. Mashine ya flashi inayokwenda likizo iache na chaji ya nusu, izime kabisa, na uiangalie mara moja kwa mwezi. Betri ya lithiamu ikishuka mno, saketi yake ya ulinzi huifunga, na mashine huonekana imekufa. Mashine ya RAM ichomeke chaja kila wiki, au mpe mtu unayemwamini aitunze.

Siku ya mtihani, chukua pia kibao na kalamu ya kutobolea.

Hatua ya 5: Imezimika na haiwaki

Usibonyeze kitu kwa hasira. Watu wengi hupoteza maandishi baada ya mashine kuzimika, si wakati inazimika, kwa kujaribu kila mchanganyiko wa vitufe waliowahi kuusikia. Kuanzisha upya kwa kawaida hufunga programu na kuacha mafaili. Kuanzisha upya kwa nguvu, kwenye mashine ya RAM, hufuta yote. Kwenye mashine ya Android, kurudisha hali ya kiwandani hufuta flashi ya ndani. Michanganyiko ya vitufe inaweza kutofautiana kwa kitufe kimoja tu.

Kwanza hakikisha soketi ina umeme kwa kuchomeka simu. Kisha chomeka chaja ya mashine yenyewe na uiache saa moja au mbili bila kuigusa. Betri ya lithiamu iliyoshuka sana hupokea chaji polepole mno mwanzoni, na mashine inaweza kukaa kimya kabisa kwa muda huo. Baada ya hapo, washa kwa kitufe cha kawaida, mara moja.

Ikiamka na kukuuliza lugha au tarehe kana kwamba ni mpya, usianze kuandika. Pitia mafaili kwanza. Kama ni mashine ya RAM na orodha ni tupu, hayo yamekwenda, na fundi anayekuahidi kuyarudisha anakula fedha zako. Rudi kwenye nakala.

Ikikuambia kadi haisomeki na kukuuliza kama ifomati, yaani iifute na kuiandaa upya, jibu ni hapana. Toa kadi, ipeleke kwenye kompyuta. Windows nayo huenda ikajitolea kuifomati au kuirekebisha. Kataa zote mbili kwa sasa na unakili kila kinachoonekana. Ukishanakili, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike chkdsk, nafasi, herufi ya kadi na nukta mbili, nafasi, kisha /f; kwa mfano chkdsk E: /f. Vipande vya mafaili vilivyopotea njia vitakusanywa kwenye folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Folda hiyo hufichwa, kwa hiyo ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Kwa kuwa BRF na TXT ni maandishi matupu, badilisha mwisho wa jina kuwa TXT na ufungue. Mara nyingi utakuta kurasa zako humo, zimekatika hapa na pale.

Kama kilichopotea ni cha thamani sana, tasnifu kwa mfano, usianze na chkdsk, kwa sababu inaandika juu ya kadi. Anza na PhotoRec, programu ya bure inayochimbua mafaili bila kugusa kadi. Huendeshwa kwa mishale ya kibodi. Yaliyookolewa yaelekeze kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya mafaili hayatarudi; utayapanga upya kwa kusoma mstari wa kwanza wa kila moja, na hapo ndipo utajishukuru kama ulikuwa na desturi ya kuanza kila faili kwa somo na tarehe.

Hatua ya 6: Kwa fundi

Mashine ya flashi isiyowaka kabisa bado ina maandishi yako ndani. Mara nyingi shida ni betri au tundu la chaji, na fundi simu mzuri anaweza kuvibadilisha hata kama hajawahi kuona mashine ya nukta nundu. Hatari ni mazoea yake: simu ikigoma, anaifuta na kuanza upya. Funga mashine kwa mpira na kikaratasi cha wino: «Usifanye reset. Usifomati. Usiweke programu upya. Ndani kuna maandishi.» Mweleze pia kwa mdomo, na kadi ibaki mfukoni mwako, haihitaji kwa kubadilisha betri.

Kwa mashine ya RAM ambayo bado inawaka, kubadilisha betri ndiko kunakofuta, hivyo toa nakala kabla ya kuipeleka hata kama fundi anasema ni kazi ya dakika tano.

Unapoichukua, usilipe kabla ya kuijaribu. Iwashe palepale kwenye benchi, fungua faili la zamani, andika mstari mmoja, hifadhi, zima, washa tena uusome. Gusa nukta zote za mstari uhakikishe hakuna zilizokwama, kwa kuwa vumbi la karakana huingia kwenye vitundu vyake. Kisha rekebisha saa na tarehe, maana mafaili utakayoandika yakibeba tarehe ya miaka iliyopita, siku ya kutoa nakala hutajua lipi ni jipya.